Theluji inayopita chini ya rada: kipimo cha theluji kando ya Ziwa Erie

Msimu wa baridi unapokaribia, wakazi wengi wa Erie, mji wa Pennsylvania ulio ukingoni mwa ziwa lenye jina hilohilo, huwa na mazoea ya kutazama picha ya rada kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Kijani hafifu hukichukulia kuwa theluji kidogo, manjano kuwa theluji nyingi, na mahali pasipo na rangi huamini kuwa hakuna kitu. Imani hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu katika mji huu theluji inaweza kuanguka sentimita kadhaa kwa saa huku picha ya rada ikionyesha madoa machache tu. Wataalamu wameandika mengi kuhusu makosa ya rada katika kupima theluji, na sehemu kubwa ya maandishi hayo inahusu kanuni za hesabu. Mimi nina maoni kwamba kwa watu wa pwani hii kosa linalotuumiza zaidi ni la kimo: rada inatazama juu mno.

Ni vyema kuanza na kile ambacho rada inakipima hasa. Mtandao wa rada za hali ya hewa za Marekani, unaojulikana kwa jina la NEXRAD, una rada zipatazo 160, na kila moja hutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa takriban sentimita 10, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Hakuna mahali katika kazi hiyo ambapo milimita za maji au sentimita za theluji zinapimwa. Kinachopimwa ni nguvu ya mwangwi, na nguvu hiyo hupanda kwa namna ya ajabu kadiri chembe inavyokuwa kubwa, kwa kuwa inafuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara sita. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 lina maji mara 8 ya tone la milimita 1, lakini mwangwi wake ni mara 64. Kwa hiyo matone makubwa machache yanaweza kupiga kelele kuliko umati wa matone madogo yenye maji mengi zaidi, na rada haina njia rahisi ya kujua ni kundi lipi linalozungumza.

Katika mvua tatizo hili lilipata ufumbuzi wa kuridhisha mapema. Mwaka 1948 J. S. Marshall na W. M. Palmer wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba ukubwa wa matone ya mvua hupangika kwa utaratibu unaotabirika, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana kanuni maarufu ambayo nguvu ya mwangwi, inayoandikwa Z, ni sawa na 200 mara kasi ya mvua iliyopandishwa kipeo cha 1.6. Kanuni za namna hiyo, zikiwa na tarakimu tofauti kidogo, ndizo zinazotumika hata leo duniani kote, na mtu anayesoma picha za rada za Dar es Salaam au Mwanza wakati wa masika anafaidi urithi huo. Tone la maji ni tone la maji: ni duara, au karibu na duara, uzito wake unajulikana ukishajua kipenyo chake, na kasi yake ya kuanguka inajulikana pia.

Theluji haina heshima ya namna hiyo. Fuwele ya barafu inaweza kuwa sindano, bamba, nyota yenye matawi sita, au kifungu cha nyota nyingi zilizonasana njiani, na vipande viwili vyenye upana sawa vinaweza kutofautiana uzito mara kadhaa. Isitoshe, barafu haiakisi mawimbi ya redio kama maji. Kwa masi ileile, barafu kavu hurudisha takriban sehemu moja ya tano ya mwangwi ambao maji yangerudisha. Kisha theluji hiyohiyo ikianza kuyeyuka kidogo na kuvaa ngozi nyembamba ya maji, rada huiona kama tone kubwa mno la mvua, na mwangwi huruka ghafla. Ndiyo maana picha za rada siku ambazo joto liko karibu na sifuri huonyesha ukanda unaong'aa ambao haulingani na chochote kinachoanguka ardhini.

Wanasayansi hawakukata tamaa. K. L. S. Gunn na Marshall walichapisha mwaka 1958 kanuni ya theluji iliyojikusanya, na mwaka 1970 Sekhon na Srivastava wakatoa nyingine iliyotumika kwa miongo mingi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina kanuni zake kwa maeneo, zote za umbo moja, ambapo Z ni tarakimu fulani mara kasi ya theluji, kwa maji yake, iliyopandishwa kipeo cha pili. Tarakimu hiyo ni 120 kwa kaskazini mashariki, 222 kwa milima ya Sierra Nevada na 40 kwa nchi kavu iliyo kati ya milima ya magharibi. Mfumo wa kitaifa wa MRMS, unaounganisha rada zote kuwa ramani moja, hutumia 75.

Msomaji asiyependa hesabu anivumilie kwa mfano mmoja, kwa sababu bila tarakimu ni vigumu kuona ukubwa wa jambo hili. Tuseme rada imepata mwangwi wa desibeli 20, jambo la kawaida katika theluji ya wastani. Hapo Z ni 100. Kwa tarakimu ya 75 tunapata maji ya milimita 1.15 kwa saa. Kwa 222 tunapata 0.67, kwa 40 tunapata 1.58. Mwangwi ni uleule, na tofauti kati ya jibu dogo na kubwa imeshazidi mara mbili. Kisha tunatakiwa kugeuza maji kuwa kina cha theluji, kwa kuwa hicho ndicho watu wanachouliza. Mazoea ya zamani yanasema milimita 1 ya maji hutoa milimita 10 za theluji, lakini theluji inayozaliwa na ziwa, yenye nyota laini zilizojaa hewa, inaweza kutoa milimita 25 au hata zaidi. Mwangwi huo wa desibeli 20 ukidumu kwa saa 12, mtu aliyechagua 222 na milimita 10 atatangaza sentimita 8, na aliyechagua 40 na milimita 25 atatangaza sentimita 47. Wa kwanza ataacha shule wazi, wa pili atazifunga, na wote wawili wametumia rada moja bila kukosea hata hatua moja ya hesabu.

Pamoja na hayo yote, kanuni inaweza kurekebishwa. Mtu akiwa na vipimo vya ardhini vya kutosha anaweza kugundua kwamba tarakimu yake iko chini na kuipandisha. Kisichoweza kurekebishwa kwa kalamu ni kile ambacho mwali wa rada haukukigusa kabisa.

Rada za NEXRAD kwa kawaida huanza kutazama kwa pembe ya nyuzi 0.5 juu ya upeo wa macho. Dunia nayo inajipinda kuelekea chini, na ingawa angahewa huupinda mwali kidogo kuifuata, mwali huzidi kupanda kadiri unavyokwenda mbali. Ukiwa umbali wa kilomita 50, kitovu cha mwali kiko takriban mita 580 juu ya usawa wa rada. Kilomita 100, kiko karibu mita 1,460. Kilomita 150, kimeshafika mita 2,600. Uwanja wa ndege wa Erie uko takriban kilomita 150 kutoka rada ya Buffalo, jimbo la New York, upande wa mashariki, na karibu umbali huohuo kutoka rada ya Cleveland upande wa magharibi. Ile ya Pittsburgh iko mbali zaidi, kusini. Katika umbali huo mwali wenyewe umeshapanuka hadi kuwa na unene wa takriban kilomita 2.5, hivyo ukingo wake wa chini unapita zaidi ya mita 1,300 juu ya paa zetu na ukingo wa juu unakaribia mita 4,000.

Sasa liweke wingu la ziwa katika picha hiyo. Theluji ya ziwa hutokea pale hewa baridi ya Kanada inapopita juu ya maji ambayo bado yana joto la majira yaliyopita, ikachota mvuke na joto kutoka chini, ikafura, kisha ikamwaga theluji ufukweni na kwenye vilima vya nyuma. Ni wingu fupi. Mara nyingi kilele chake hakizidi kilomita 2 au 3, na fuwele zake hukua na kuongezeka sana katika sehemu ya chini, ileile ambayo rada ya Buffalo na ya Cleveland hazioni. Kinachoonekana ni kilele chembamba ndani ya mwali mpana ambao sehemu yake kubwa imejaa hewa tupu, na wastani wa vitu hivyo viwili ni mwangwi dhaifu. Kukadiria theluji ya Erie kwa njia hiyo ni sawa na kuhesabu abiria wa basi la mkoani kwa kutazama mizigo iliyofungwa juu ya paa lake.

Mji huu ulipata umaarufu wa siku chache mwaka 2017, pale sikukuu ya Krismasi ilipoleta inchi 34 za theluji uwanjani, yaani sentimita 86 kwa siku moja, rekodi ambayo haikuwa imefikiwa hapo awali. Kufikia tarehe 27 Desemba jumla ya dhoruba ilikuwa imepita mita moja na nusu. Waandishi wa habari waliokuja walipenda kupiga picha za magari yaliyofukiwa. Sikuona hata mmoja aliyeuliza kwa nini mji wenye theluji ya namna hii upo katikati kabisa ya pengo la rada.

Linganisha na vitongoji vya kusini mwa Buffalo, vilivyopata dhoruba ya Novemba 2022 ambapo Hamburg na Orchard Park zilipima takriban mita 2 za theluji. Hamburg iko kilomita 25 tu au karibu na hapo kutoka rada iliyopo uwanja wa ndege wa Buffalo, na kwa umbali huo kitovu cha mwali kiko kama mita 250 juu ya ardhi. Rada iliona ukanda wa theluji ukiwa ndani ya tumbo la wingu, ikaona mpaka wake mkali, na watabiri waliweza kusema mtaa upi umeingia na upi umeokoka. Chombo ni kilekile, kanuni ni zilezile, na ziwa ni lilelile. Kilichobadilika ni umbali tu.

Kimo kina madhara mengine ambayo huwa hayatajwi sana. Tone la mvua huanguka kwa kasi ya mita 4 hadi 9 kwa sekunde, lakini theluji huelea kwa takriban mita 1 kwa sekunde. Fuwele iliyoonwa na rada mita 1,500 angani itachukua dakika 25 kufika chini, na ikiwa upepo ni mita 10 kwa sekunde itakuwa imesafiri kilomita 15 pembeni. Ukanda wa theluji ya ziwa unaweza kuwa na upana wa kilomita 10 au 20. Hivyo hata pale rada inapopata kiasi sahihi, inaweza kukiweka juu ya kijiji ambacho hakikupata kitu. Na ikiwa hewa ya chini ni kavu, sehemu ya theluji hiyo itageuka mvuke njiani bila kumgusa mtu yeyote.

Watu husema basi tuache rada, tupime ardhini. Huko nako kuna mitego, na mfano bora unatoka upande wa pili wa jimbo la New York, kwenye uwanda wa juu wa Tug Hill mashariki mwa Ziwa Ontario. Mnamo tarehe 11 na 12 Januari 1997 mpimaji wa Montague aliripoti inchi 77 za theluji ndani ya saa 24, ambayo ingeivunja rekodi ya Marekani ya inchi 75.8 iliyowekwa Silver Lake, Colorado, mwezi Aprili 1921. Kamati ya wataalamu ilichunguza na kuikataa. Hakuna aliyemwita mpimaji huyo mwongo. Tatizo lilikuwa kwamba alipima na kusafisha ubao wake wa kupimia theluji mara sita, ilhali utaratibu unaruhusu mara nne tu kwa siku, yaani kila baada ya saa 6. Theluji mpya hujishindilia yenyewe kwa uzito wake, na anayeisafisha mara kwa mara anaizuia isijishindilie, hivyo jumla yake hupanda. Inchi zilikuwa za kweli kila moja kwa wakati wake, lakini hazikuwa halali kujumlishwa.

Jambo ninalolipenda katika kisa hicho ni kwamba rada ya eneo hilo imejengwa palepale Montague, juu ya uwanda, zaidi ya mita 550 kutoka usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Ontario uko mita 75. Kwa Tug Hill penyewe hilo ni zuri, kwa sababu rada iko mlangoni. Kwa watu wa ufukweni ni kinyume: mwali unaanza safari ukiwa tayari karibu nusu kilomita juu ya ziwa, kisha unapanda.

Vipimamvua vya kawaida navyo vinadanganywa na upepo. Hewa ikikutana na mdomo wa chombo hupanda na kuuzunguka, na fuwele nyepesi huenda nayo, hivyo chombo kisicho na kinga kinaweza kukosa nusu au zaidi ya theluji iliyoanguka pale upepo unapokuwa mkali. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliendesha mradi wa kulinganisha vyombo hivyo, ulioitwa SPICE, kwa kutumia kipimo rejea kilichozungushiwa nyua mbili za mbao zenye pembe nane, wa nje ukiwa na kipenyo cha mita 12 na wa ndani mita 4. Fikiria ujenzi wote huo kwa ajili ya kulinda kikombe kimoja. Huko Kilimanjaro, kituo cha hali ya hewa kilichowekwa kwenye barafu ya kaskazini mwaka 2000 kilichagua njia tofauti: kihisi cha sauti isiyosikika na binadamu hupima umbali hadi uso wa theluji, na uso ukipanda inajulikana kuwa imeanguka. Hiyo inatoa kina, lakini haisemi ni maji kiasi gani.

Mimi ni miongoni mwa watu wa kujitolea wa CoCoRaHS, mtandao wa kupima mvua na theluji ulioanzia Colorado mwaka 1998 baada ya mafuriko ya Fort Collins ya Julai 1997, ambayo yaliletwa na mvua nyingi mno iliyoanguka kati ya vipimo rasmi vilivyokuwepo. Vifaa ni vichache. Kuna ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeupe ili usipate joto la jua, rula, na kipimamvua cha plastiki chenye mdomo wa sentimita 10, ambacho mrija wake wa ndani hutolewa wakati wa baridi ili theluji iingie. Saa 1 asubuhi napima kina sehemu kadhaa za ubao, kisha nageuza chombo kichwa chini, nakididimiza kwenye theluji hadi kigonge mbao, napitisha bati jembamba chini yake na kuinua mche wote wa theluji. Ndani ya nyumba naongeza maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwanza, nasubiri theluji iyeyuke, nasoma jumla na kutoa yale niliyoyaongeza. Asubuhi moja ya Januari sentimita 20 zilinipa milimita 8 za maji. Machi, sentimita 12 zilinipa milimita 15. Theluji ya Machi ilikuwa pungufu kwa rula na karibu mara mbili kwa mizani, na mgongo wangu uliokuwa umeshika koleo ulikubaliana na mizani. Kwa sababu hiyo naona swali la kina ndilo linalotupotosha. Anayehofia paa kuporomoka au mto kufurika majira ya kuchipua anahitaji kujua maji, na maji ndiyo ambayo rada, ikiwa karibu vya kutosha, inaweza kuyakaribia.

Maendeleo yapo. Kati ya 2011 na 2013 rada zote za mtandao ziliwekewa uwezo wa kutuma mawimbi ya mlalo na ya wima kwa pamoja. Fuwele bapa hulichelewesha wimbi la mlalo kuliko la wima, na ucheleweshaji huo unategemea masi ya barafu kuliko ukubwa wa chembe chache zenye kelele. Mwaka 2018 Petar Bukovčić na wenzake wa Oklahoma walichapisha kanuni inayochanganya ucheleweshaji huo na nguvu ya mwangwi, na mbinu hiyo hupunguza sana ule mtawanyiko wa majibu niliouonyesha juu. Lakini ishara yenyewe ni dhaifu kwa mawimbi ya sentimita 10, na hata ingekuwa na nguvu, inahusu kilichomo ndani ya mwali. Ramani ya MRMS ina tabaka linaloonyesha ubora wa rada mahali kwa mahali, likizingatia kimo cha mwali na vizuizi. Nafungua tabaka hilo kwanza kabla ya kuamini rangi yoyote, na juu ya Erie halinipi sababu ya kuwa na imani kubwa.

Baadhi ya rada zimeruhusiwa kushusha pembe chini ya nyuzi 0.5, na hatua hiyo husaidia kiasi. Kwa pengo la kilomita 150 haitoshi, kwa kuwa mwali ukishushwa hadi sifuri kamili mpindo wa dunia pekee unaweka kitovu chake mita 1,300 juu. Kinachohitajika hapa ni rada ndogo ya mawimbi ya sentimita 3, iliyowekwa mjini au kwenye kilima cha nyuma yake. Rada hizo hazifiki mbali, na mvua kubwa au theluji iliyolowa hudhoofisha mawimbi yake, lakini theluji kavu ya ziwa huyapunguza kidogo sana, na ule ucheleweshaji wa wimbi la mlalo huonekana wazi zaidi kwa mawimbi mafupi. Umbali wa kilomita 30, kwa nyuzi 0.5, kitovu cha mwali wake kingekuwa mita 315 juu ya usawa wa rada.